Kabla Tumbo Halijafungwa: Kuunganisha Jeti za Kwanza Hapa Kisumu

Kwetu sisi tunaounganisha ndege ndogo za plastiki, vipande vya sandukuni vinavyoiga ndege halisi, ile ya panga boi huficha mengi. Panga lenyewe linaziba pua, injini inajaza kichwa, na gurudumu dogo la nyuma linaiacha ndege ikalie mkia kama ilivyozoea. Jeti za kizazi cha kwanza hazina pa kujificha. MiG-15 na F-86 Sabre zina mdomo wazi puani, na mtu akichungulia anaona hadi ndani. Mwili ni mviringo na laini kama wa mbuta, kwa hiyo ufa wa maungio unaonekana kutoka mlangoni. Zinasimama kwa magurudumu matatu, moja likiwa puani, ilhali uzito umejaa nyuma. Tena nyingi ziliruka na bati tupu, na bati tupu likiigwa kwenye plastiki hufichua kila mkwaruzo.

Katika kuziunganisha hapa Kisumu, na kulinganisha na wenzetu wa Nakuru, somo moja limekuwa likijirudia: karibu kila kosa linaloiharibu jeti ya mwanzo hufanyika kabla nusu mbili za mwili hazijagundishwa. Rangi huoshwa ikarudiwa. Stika hung'olewa. Lakini tumbo likishafungwa, limefungwa.

Kazi ya kwanza basi ni rula, wala si gundi. Chukua kipimo cha ndege halisi, kigawanye kwa 72 au 48 kulingana na skeli ya sanduku lako, yaani ndege imepunguzwa mara ngapi, upime vipande vikiwa bado kwenye fremu ya plastiki inayovishika. De Havilland Vampire FB.5 ilikuwa na mabawa ya mita 11.58 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa mita 9.37. Kwa skeli ya 1/72 hiyo ni milimita 161 kwa 130. MiG-15 yenye mabawa ya mita 10.08 inakuwa milimita 140 kwa 1/72 na 210 kwa 1/48. Me 262 ya mita 12.60 inakuwa 175. Tofauti ya milimita moja haifai kumkosesha mtu usingizi. Tofauti ya nne au tano mara nyingi ni dalili kwamba ndani ya sanduku mna toleo jingine la ndege kuliko lile lililochorwa juu ya kifuniko.

Sabre ndiyo mfano mkubwa. F-86F za Vita vya Korea ziliwekewa bawa jipya lililoitwa "6-3": ukingo wa mbele uliongezwa inchi 6 penye shina na inchi 3 penye ncha, na zile slati, vibamba vya ukingo wa mbele vinavyojifungua vyenyewe, zikaondolewa. Kwa 1/72 nyongeza hiyo ni milimita 2.1 shinani na 1 nchani, jambo dogo, lakini umbo la bawa linabadilika. Baadaye F-86F-40 ilirudishiwa slati na kila ncha ya bawa ikaongezwa inchi 12, yaani milimita 4.2 kila upande kwa 1/72. Anayetaka ndege ya Korea akipewa bawa la F-40 hana budi kukata ncha zote mbili na kuziba slati. Gloster Meteor nayo ina mtego wake. Toleo la F.3 lilikuwa na mabawa ya mita 13.11, F.4 yakakatwa hadi 11.33, kisha F.8 ikarefushwa mwili kwa inchi 30 na kupewa mkia mpya wenye pembe. Mkia wa F.8 hauendi kwenye mwili wa F.4, hata kama vipande vinakubali kuingiana.

Na ukipima kwa mchoro uliochapishwa saiba, uhakikishe kwanza mchoro wenyewe. Mashine nyingi zimewekwa kupunguza ukurasa ili utoshee karatasi ya A4. Mchoro uliopungua hadi asilimia 97 unaifanya Vampire ya milimita 161 ionekane 156, nawe unaanza kulaumu kiwanda kisicho na kosa. Mwambie kijana wa saiba achape kwa asilimia 100, na mchoro uwe na mstari wa milimita 100 wa kuhakikishia.

Vipande vikitoka kwenye fremu, viangalie kama vimepinda. Sanduku lililopigwa na jua ndani ya gari hutoa mabawa yaliyojikunja. Plastiki hii ni polistirini, nayo huanza kulegea karibu na nyuzi 95 hadi 100. Maji ya chupa ya chai, yale ya nyuzi 70 au 80, ndiyo yanayofaa: tumbukiza bawa kwa nusu dakika, linyooshe kwa vidole, kisha litie maji baridi huku umelishika. Maji yanayotokota hayafai kwa Kisumu, kwa sababu mita 1,131 juu ya bahari yanachemka karibu nyuzi 96, na bawa jembamba litanyong'onyea mkononi. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, na huko maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo watu wa Nakuru wana nafuu kidogo. Hata hivyo chupa ya chai ni salama kuliko sufuria.

Kabla ya gundi pia, punguza unene wa kingo za nyuma za mabawa. Ukingo wa milimita 0.8 kwenye bawa la 1/72 ni sawa na sentimita 5.8 kwenye ndege halisi, nene kama ubao wa kitanda. Bandika msasa namba 240 juu ya kipande cha kioo, ulaze nusu ya bawa upande wa ndani ukiangalia chini, uisugue kwa mizunguko ukiinua kidogo ukingo wa mbele. Kila dakika mbili ijaribishe na mwenzake. Ukingo ukifika milimita 0.3, acha. Kazi hii haiwezekani tena bawa likishagundishwa, maana ukisugua kwa nje unafuta mistari.

Sasa uzito wa pua. Hapa ndipo jeti nyingi zinapoharibika, na kosa lenyewe hujulikana siku ya mwisho, pale ndege imeshapakwa rangi na inakaa mkia mezani kama mbwa.

Usikisie. Funga vipande vyote vikubwa kwa tepu: nusu za mwili, mabawa, mkia, bomba la nyuma, hata magurudumu. Weka penseli chini ya mabawa, kwenye mstari wa ekseli za magurudumu makubwa. Pachika mfuko mdogo wa nailoni puani, pale hasa uzito utakapokaa, uanze kutia vipande vya risasi, ile metali nzito, hadi pua ishuke yenyewe. Kiasi hicho ongeza robo, kwa sababu fila ya kuzibia nyufa, rangi na vikorokoro vya mkia bado havijaja. MiG-15 ya 1/72 hutosheka na gramu 5 hadi 7 zikikaa mbele ya chumba cha rubani. Ile ya 1/48 inataka 15 hadi 20. Me 262 ya 1/72 inataka kama 10, na nafasi ya puani ni finyu, hasa ukitaka kuacha wazi kile chumba cha mizinga minne ya MK 108.

Kumbuka ni mizani hii. Risasi iliyo milimita 40 mbele ya ekseli inafanya kazi mara mbili ya ile iliyo milimita 20. Sukuma uzito mbele kadiri uwezavyo badala ya kuongeza gramu, kwa sababu miguu ya plastiki ndiyo inayobeba. Ukijaza gramu 30 kwenye Me 262 ndogo, miguu itatanuka polepole, na baada ya miezi ndege itakuwa imelala tumbo. Kwenye Me 262 na Meteor kuna nafasi ambayo wengi huisahau: mbele ya vibanda vya injini, nyuma tu ya mdomo. Vibanda hivyo viko mbele ya magurudumu makubwa na vinameza gramu 3 kila kimoja. Kwenye MiG-15 nafasi ni kati ya ukuta unaogawa mdomo na chumba cha rubani. Kwenye Sabre ni juu ya njia ya hewa, chini ya chumba cha rubani. Vampire ina pua fupi na mihimili miwili mirefu nyuma, kwa hiyo jaza kila upenyo chini ya kiti cha rubani.

Risasi yenyewe Kisumu haina shida. Maduka ya nyavu na mishipi yanauza chubwi za kila saizi, nazo ni risasi tupu. Zipige kwa nyundo ziwe bapa, uzikate kwa koleo. Risasi ni sumu, kwa hiyo usiikate juu ya meza ya kulia chakula, usiiyeyushe kwenye jiko la nyumbani, na unawe mikono ukimaliza. Kama huna mizani ya gramu, tumia sirinji ya ml 10 ya duka la dawa: ml 1 ya maji ni gramu 1. Sawazisha rula juu ya penseli, weka kifuniko cha chupa chenye maji upande mmoja na chubwi upande wa pili, kwa umbali ule ule kutoka katikati, ukiwa umesawazisha kifuniko kikiwa kitupu. Ni mizani ya kimaskini lakini haidanganyi.

Sasa onyo ambalo karatasi za maelekezo mara nyingi haziligusi. Usigundishe risasi kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa asidi ya siki kidogo kidogo, nayo ikikutana na risasi ndani ya chumba kilichofungwa inaigeuza unga mweupe. Unga huo unavimba. Baada ya miaka michache pua inapasuka kwenye maungio kana kwamba kuna kitu kinazaliwa. Tumia Araldite, zile tyubu mbili, uizungushie risasi yote isibaki wazi. Acha saa 24 kabla ya kufunga. Chubwi iliyobanduka ndani ya mwili uliofungwa itacheza kama kayamba maisha yake yote.

Njia ya hewa ndiyo ya pili kwa kuumiza kichwa. Watengenezaji hugawa njia hiyo nusu kwa nusu pamoja na mwili, na maungio yanapita katikati ya mdomo, mahali jicho linapokwenda kwanza. Kwenye Sabre hewa hupita chini ya sakafu ya rubani. Kwenye MiG-15 ukuta wa katikati huigawa mara mbili, ikapita kushoto na kulia kwa rubani. Gundisha nusu za njia hiyo peke yake, siku moja kabla, kisha uzibe ufa. Msasa haufiki ndani, hivyo uviringe kwenye kijiti cha kiberiti au kalamu kuukuu. Palipobaki, tumia rangi yenyewe: ziba upande mmoja kwa tepu, mimina ml 3 za rangi ya akriliki, zungusha taratibu, mwaga, usimamishe kipande kichwa chini kwa saa 24. Rudia mara ya pili. Rangi hujaza ufa mwembamba na kuacha ukuta laini kuliko msasa wowote.

Mwisho wa njia mnaonekana nini? Hapa ndipo anayejua injini anamshinda anayejua gundi. Sabre ilikuwa na J47, injini ambayo hewa hupita moja kwa moja kwenye safu za visu, kwa hiyo kisahani cha visu mbele ni sahihi. MiG-15 ilitumia RD-45 na baadaye VK-1, zote kizazi cha injini ya Kiingereza iitwayo Rolls-Royce Nene, na hizo husukuma hewa kwa gurudumu la kuitupa pembeni. Hewa huingia kwa kuizunguka injini, wala hakuna feni inayoonekana kutoka mdomoni. Baadhi ya masanduku huweka visu hapo. Vitoe, uzibe kwa kipande cheusi kisichong'aa. Kwenye Me 262, katikati ya mdomo wa kila injini ya Jumo 004 palikuwa na injini ndogo ya Riedel ya kuwashia, yenye mpini wa kuvuta kwa mkono kama jenereta ya dukani. Pete ndogo ya waya wa shaba hapo, yenye upana wa milimita 1, inasema zaidi kuliko rangi ya bei ghali.

Chumba cha rubani sikipi maneno mengi. Kwa 1/72 kifuniko kikifungwa hakionekani zaidi ya kiti, mikanda na usukani. Paka rangi, weka mikanda ya karatasi ya foili ya sigara, endelea.

Pembe za mabawa zinataka subira kuliko ustadi. Mabawa ya MiG-15 huinama chini nyuzi 2, ya Sabre huinuka nyuzi 3. Kwa MiG ya 1/72 ncha inashuka kama milimita 2.4 chini ya shina. Mtu asiyelijua hilo huyanyoosha mabawa sawasawa, naye hafahamu kwa nini ndege yake haina ule mkao wa kuinamia ardhi. Kata katoni mbili zenye pembe hiyo, uziegemeze chini ya mabawa, uache gundi ikauke usiku kucha. Mabawa ya Me 262 yamelala nyuma nyuzi 18.5, na sababu yake haikuwa kasi kama wengi wanavyodhani: injini zilikuja nzito kuliko ilivyopangwa, na bawa likarudishwa nyuma ili kusawazisha uzito. Tatizo la chubwi, kwa lugha nyingine.

Gundi ya polistirini ikikosekana, watu hujaribu mambo. Gundi ya mabomba ya PVC huyeyusha plastiki kweli, lakini ni nzito na haiishii unapotaka. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huacha ukungu mweupe bila kushika vizuri. Supaglu ya kibandani inafaa kwa maungio yasiyobeba, ila kumbuka unyevu ndio unaoikausha. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, inashika kabla hujapangilia kipande, na chupa iliyofunguliwa haimalizi wiki. Iweke kwenye kopo lililofungwa, pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, ndani ya friji. Usiitumie karibu na kioo cha rubani, kwani mvuke wake unakitia ukungu. Kioo ni kazi ya gundi nyeupe, ile ile iliyokatazwa kwenye risasi.

Supaglu ina kazi nyingine inayonipendeza zaidi: fila. Changanya matone mawili na poda ya mtoto hadi iwe kama uji mzito, pakaza kwenye ufa, isugue ndani ya saa moja. Poda huizuia isigeuke ngumu kuliko plastiki. Supaglu tupu ikilala usiku, kesho msasa utakula plastiki pande zote mbili na kuacha tuta katikati. Fila ya magari ya jua kali inafaa kwa mashimo makubwa tu, ikipakwa nyembamba. Ikipakwa nene hunywea baada ya siku kadhaa, na mfereji unajitokeza chini ya rangi uliyokwisha kuisifia. Sugua kwa msasa wa maji, 400, 600, kisha 1000.

Sasa kabla ya kuichonga tena mistari iliyofutika, jiulize kama ilikuwapo. Sehemu ya mbele ya mwili wa Vampire ilikuwa ya mbao: mti mwepesi wa balsa katikati ya mbao nyembamba zilizogundishwa, mtindo ambao kampuni ile ile iliutumia kwenye Mosquito. Mbao hazina ribiti. Kama sanduku limechora mistari ya mabati na ribiti kwenye yai hilo la mbele, zijaze zote uache milango na vifuniko pekee. Mabawa na mihimili ya nyuma ilikuwa ya bati, hizo ziache. Me 262 nayo, kiwandani maungio ya mabati ya mwili yalizibwa kwa fila kisha yakapakwa rangi, kwa hiyo mwili wake haufai kuonekana kama gunia la viraka. Na hata palipo na mistari halali, piga hesabu: mstari wa milimita 0.2 kwa 1/72 ni mfereji wa milimita 14 kwenye ndege halisi. Kidole kingeingia. Kuujaza mfereji huo wino mweusi, kama mtindo wa sasa ulivyo, naona ni kuichora ndege badala ya kuiiga.

Rangi ya fedha haiko ya aina moja. Meteor na Vampire nyingi za Uingereza hazikuwa bati tupu. Zilipakwa rangi ya alumini, laini na sawa mwili mzima. Ukizitofautisha bamba kwa bamba umekosea. Sabre za Marekani zilikuwa bati tupu kweli, na hapo bamba hutofautiana: sehemu ya nyuma karibu na bomba la moto huwa na weusi na rangi ya shaba iliyoungua. MiG za Korea ziko katikati, bati lililofunikwa vanishi.

Kwa bati tupu, endelea na msasa hadi 2000, kisha dawa ya meno na kitambaa cha pamba. Paka nyeusi ya kung'aa, usubiri saa 48, na masika 72. Ukiona kasoro kwenye nyeusi, fedha itaikuza mara tano. Kisha alumini kwa brashi ya hewa, shinikizo la chini, kama bar 1, mapito membamba manne au matano. Kompresa ya friji kuukuu iliyounganishwa na mtungi inatosha kabisa na haipigi kelele, ila iwekewe chujio la maji, maana hewa ya ziwani imejaa unyevu na tone moja linaharibu bawa. Mikebe ya rangi ya fedha ya magari inayouzwa madukani ina chembe kubwa. Kwa 1/72 ndege inameremeta kama matatu mpya. Tena thina yake inakula plastiki. Bila praima, mwili hupasuka vijimistari kama tope lililokauka. Juu ya praima ya kijivu, kwa vumbi jepesi mara mbili kabla ya kupaka kamili, inavumilika, lakini thina hiyo ya chupa usiitumie kamwe kusafishia plastiki tupu.

Hali ya hewa ina ratiba yake. Kisumu, paka kati ya saa tatu na saa sita mchana: umande umeondoka na mvua ya alasiri haijaja. Rangi ya thina ikipakwa hewa ikiwa nzito, inakauka haraka, inapoa, inanasa unyevu na kugeuka nyeupe kama maziwa. Ikitokea hivyo usisugue. Subiri siku kavu, pitisha thina safi ya rangi hiyo hiyo kwa vumbi jepesi sana, mara nyingi weupe huondoka. Usiku usipake kabisa karibu na taa. Usubi wa ziwa hutoka kwa mawingu, hasa mwezi ukiwa mwandamo, na kila mmoja anaipenda rangi mbichi. Mmoja akishatua, acha rangi ikauke naye, umng'oe kesho kwa kibanio na kusugua kwa 2000. Ukimvuta akiwa mbichi anaacha miguu sita na mfereji. Kakamega tatizo ni mvua tu. Nakuru ni vumbi: mwaga maji sakafuni nusu saa kabla, na ufunike kazi kwa beseni mara tu unapomaliza.

Stika hutaka uso unaong'aa, la sivyo hewa hubaki chini na kuacha kivuli cha fedha. Maji ya uvuguvugu sekunde 20, uziweke kando dakika moja, kisha uzitelezeshe. Siki nyeupe kwa brashi hulainisha zile nene. Tumia maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima, ya Nakuru hasa, huacha madoa ya chumvi kwenye fedha. Karatasi ya stika iliyogeuka manjano ibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki; jua letu huisafisha kwa siku chache.

Anayetaka ndege iliyovaa alama za Kenya atatoka kidogo nje ya kizazi cha kwanza. Hawker Hunter iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951, na Jeshi la Anga la Kenya lilikuwa nazo katika miaka ya 1970, za aina ya FGA.9. Masanduku mengi ni ya F.6. Ongeza kibanda cha parachuti ya breki juu ya bomba la nyuma, na uhakikishe ukingo wa mbele wa bawa una lile jino, yaani pale sehemu ya nje ya bawa inapojitokeza mbele. Vile vifuko viwili vilivyovimba chini ya pua, vya kukusanyia minyororo ya risasi, visiachwe.

Vitu vyembamba ndivyo vya mwisho, kwa kuwa ndivyo vinavyovunjika kwanza. Mizinga ya MiG-15 ni miwili ya milimita 23 upande wa kushoto na mmoja wa 37 kulia. Kwa 1/72 matundu yake ni milimita 0.32 na 0.51. Sindano mpya ya hospitali ya namba 23G ina tundu la ndani la karibu milimita 0.34, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ikate kwa kuizungusha chini ya tupa ya pembe tatu, kamwe si kwa koleo, maana koleo huiminya. Kijiti cha kupimia kasi, ambacho kwa MiG na Sabre kiko bawa la kulia, kitoke kwenye waya wa gitaa ulio mwembamba kuliko wote. Ule wa plastiki utakatwa na kitambaa cha vumbi.

Na ikiwa ndege inasafiri, tuseme Kisumu hadi Nakuru kwa matatu, isikae kwa miguu yake. Tengeneza boksi, ubandike vipande viwili vya sponji vyenye mkato, ndege ilalie mabawa karibu na shina na magurudumu yaning'inie hewani. Pua iangalie chini kidogo, kwa sababu ndiko zilikolala zile chubwi.